Fleti ya Mtu Anayelala Mchana

Mwoka mikate alikuwa akirudi nyumbani wakati watu wengine wanatoka. Saa moja asubuhi alivua viatu mlangoni, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Mke wake alimpa chai, akampasha habari mbili tatu, kisha akafunga pazia ili mume alale. Mke alikuwa fundi cherehani. Alishona pale pale nyumbani, na kila mtu mtaani alimwita Fundi. Binti yao wa miaka mitatu alifundishwa kucheza kwa sauti ndogo. Alijitahidi. Alimwambia hata mwanasesere wake anyamaze, baba amelala.

Tatizo halikuwa mtoto. Vyumba walivyopanga vilipakana na karakana ya mageti. Saa tatu kamili msumeno wa chuma ulianza kulia, na haukunyamaza mpaka jioni. Mwoka mikate alilala kwa vipande. Nusu saa hapa, robo saa pale. Alizoea, au alidhani amezoea.

Alfajiri moja, akiwa kazini, usingizi ulimpitia mbele ya tanuri. Ulikuwa wa kupepesa jicho tu, lakini mkono wake uligusa bati la moto. Aliungua kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mwenye kiwanda alimpa wiki moja ya kupumzika. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba likitokea tena, atamtoa kwenye tanuri na kumpeleka kufunga mikate kwenye mifuko.

Mwoka mikate alikaa kitandani na bandeji yake. Tanuri lilikuwa fahari yake tangu ujana.

Wakaamua kuhama. Walikuwa na akiba ya miaka mingi, na benki ilikuwa tayari kuwakopesha kiasi kilichobaki. Safari hii hawakutaka kupanga. Walitaka kununua fleti katikati ya mji, mahali ambapo mume angeweza kwenda kazini kwa miguu.

Dalali waliyempata alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na maneno mengi, lakini hakuwa na roho mbaya. Jumapili mchana aliwapeleka kwenye jengo jipya la ghorofa kumi na mbili. Fleti ilikuwa ghorofa ya nane. Fundi alipofika kwenye dirisha la sebule, alisahau alichokuwa anasema. Mji wote ulikuwa chini yake: mapaa, barabara, miti, watu wadogo kama punje za mchele. Jikoni kulikuwa na makabati meupe yanayojifunga yenyewe taratibu. Chumba cha kulala kilikuwa upande wa nyuma. Mume alisimama katikati yake, akafumba macho. Hakusikia kitu.

"Hapa nitalala," alisema.

Fundi alikuwa tayari ameshachagua pa kuweka cherehani. Dalali aliwaambia kuna mteja mwingine anayeitaka. Kama wameipenda, walete arubuni kabla ya Ijumaa.

Jioni hiyo walikwenda kumpa habari njema shangazi yake mume. Shangazi alikuwa msafishaji wa maghorofa kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amepiga deki ngazi nyingi kiasi kwamba watu walimwita Mama Ngazi. Mtu akihama fleti, Mama Ngazi ndiye aliyeingia kusafisha. Alivuta makabati, aliondoa mapazia, alikuta yale ambayo mwenye nyumba hakupenda yaonekane.

Shangazi alifurahi sana. Aliwakumbatia wote wawili. Kisha akaanza kuuliza. Ukuta wa chumba cha kulala, nyuma yake kuna nini? Jua la alasiri linapiga dirisha lipi? Walipofungua bomba la kuogea, maji yalikwenda wapi? Waliongea na jirani yeyote?

Mume alimtazama mke. Mke alimtazama mume. Fundi aliweza kueleza rangi ya makabati tu. Hilo lilimuudhi kidogo.

"Shangazi, nyumba ni mpya kabisa," alisema. "Ubovu utoke wapi?"

"Upya ni umri, mwanangu. Mimi nauliza afya yake." Shangazi alimvuta akae karibu naye. "Wewe ukienda kununua gauni, unafanya nini kwanza?"

"Naligeuza ndani nje. Naangalia mishono."

"Na hii fleti mliigeuza?"

Fundi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Mwanamke ambaye hanunui hata leso bila kuivuta pembe, alikuwa anataka kununua nyumba kwa sababu ya dirisha.

Shangazi hakuwaambia waiache. Aliwaambia warudi. Warudi siku ya kazi, saa zile zile ambazo mume hulala, na yeye angefuatana nao. Dalali alipopigiwa simu alisitasita, kisha akakubali. Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumanne mwoka mikate alikuja bila kulala tangu atoke kazini. Begani alibeba mfuko wenye shuka na mto. Dalali alimuuliza kama anaumwa.

"Hapana. Nimekuja kulala."

Dalali alicheka, mpaka alipomwona mwoka mikate anatandika shuka sakafuni. Mume alijilaza, akaomba mlango ufungwe. Ukafungwa.

Wengine walikwenda bafuni. Shangazi alijaza kikombe maji, akayamwaga kwenye kona iliyo mbali na tundu la kutolea maji. Kisha akachuchumaa. Fundi akachuchumaa. Baada ya muda dalali naye akatupa tai yake begani, akachuchumaa. Watu wazima watatu wakatazama maji.

Maji hayakwenda kwenye tundu. Yalikaa kidogo, kama yanafikiri, kisha yakaanza kutambaa kuelekea mlangoni.

Shangazi alieleza taratibu. Sakafu ya bafu inatakiwa iinamie tundu la maji. Hii iliinamia chumbani. Kila mtu akioga, maji yatamfuata mpaka kwenye zulia. Kuirekebisha si kazi ya kubandika kitu juu. Ni kuvunja sakafu yote na kuanza upya.

Fundi aliitazama ile sakafu kwa macho mengine. Kitu kilikuwa kimeanza kumwasha. Alitaka kujua zaidi. Alifungua bomba la jikoni, akafungua la bafuni, kisha akavuta maji ya choo, yote kwa pamoja. Maji ya bafuni yakawa membamba kama uzi. Shangazi alitikisa kichwa. Alisema watu wengi hujaribu bomba moja moja, na bomba moja likiwa peke yake huwa na nguvu siku zote. Asubuhi nyumba nzima inapoamka ndipo ukweli hujulikana.

Shangazi alitoa sarafu, akagonga vigae vya jikoni kimoja kimoja. Vingine vilitoa sauti nzito. Vingine vililia kama debe tupu. Alimpa dalali sarafu naye ajaribu. Dalali aligonga, akasikiliza, akagonga tena. Shangazi alimwambia kwamba chini ya kigae kinacholia hivyo saruji haikujaa. Sufuria ikianguka hapo, kigae kinapasuka. Vikiwa viwili vitatu, fundi huvitoa na kuvipanga upya. Vikiwa nusu ya jiko, jiulize waliojenga walikuwa na haraka gani, na wapi pengine waliharakisha.

Aliwaonyesha pia nyufa. Juu ya kabati kulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hizo alisema mara nyingi ni za plasta ilipokauka, hazimnyimi mtu usingizi. Ufa wa kuogopa ni unaoanzia kwenye pembe ya mlango au dirisha na kupanda kwa mshazari, au ulio mpana kiasi cha kuingiza ukingo wa sarafu.

"Ukiuona huo, usiniulize mimi," alisema. "Macho yangu yanaishia kwenye plasta. Nguzo na zege ni mambo ya mhandisi."

Ni Fundi aliyeona jambo la dirishani. Alikwenda sebuleni kuutazama mji mara nyingine. Badala yake akautazama ukuta. Chini ya dirisha palikuwa na eneo lenye ukubwa wa meza ambalo rangi yake ilikuwa nyeupe kuliko pengine. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Lakini huyu ni mtu aliyezoea kupambanua nyeupe mbili za vitambaa vya majora tofauti.

"Hii si rangi ya kopo moja," alisema.

Aliweka kiganja. Palikuwa baridi kuliko ukuta wa pembeni. Aliinama akanusa. Rangi mbichi, na chini ya rangi, harufu ya nguo iliyoanikwa ndani. Shangazi alikuja na tochi, akaangaza ukuta kwa ubavu. Plasta ilikuwa imevimba kidogo.

"Mimi ningepita hapa nisione," shangazi alisema. Fundi alisimama wima zaidi.

Waligonga mlango wa jirani wa ghorofa hiyo hiyo. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia miezi sita kabla. Alifurahi kupata watu wa kuongea nao. Aliwaambia kwamba mvua ikija na upepo, maji huingia kwenye madirisha ya upande ule. Kwake pia. Kila akilalamika, mwenye jengo hutuma watu wapake rangi. Walikuwa wameshapaka mara mbili.

Waliporudi, mwoka mikate alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, shuka begani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuna kitu ukutani," alisema. "Kinavuta pumzi, kisha kinagonga."

Waliingia wote, wakaweka masikio ukutani. Kimya. Dalali alianza kusema jambo, shangazi akamwinulia kidole. Kisha wakasikia. Mngurumo wa chini chini uliopanda polepole, ukapita, ukamalizika kwa kishindo kidogo. Baada ya dakika moja, tena. Na tena.

Ilikuwa lifti. Ilipita nyuma ya ukuta ule ule ambao kichwa cha kitanda kingeegemea. Jumapili ofisi za ghorofa za chini zilifungwa, na lifti ilipumzika pamoja na watu wake. Siku za kazi ilipanda na kushuka kutwa.

Dalali ndiye aliyebaki na sikio ukutani muda mrefu kuliko wote. Alikuwa ameuza fleti nne katika jengo lile.

"Sijawahi kukaa kimya humu ndani," alisema.

Hakuna aliyemcheka.

Fundi alirudi dirishani mara ya mwisho. Aliumia. Tusiseme kwamba mtu akishajua ubovu wa kitu, moyo hukiacha papo hapo. Alikuwa ameshajiona pale kila asubuhi, uzi mkononi, mji ukiamka chini yake. Mume alikuja akasimama naye. Ijumaa ilipofika hawakupeleka arubuni, na yule mteja mwingine akaichukua fleti. Wiki ile msumeno wa karakana ulilia kuliko siku zote, au ndivyo ilivyoonekana. Fundi alishona suruali moja mguu mmoja mrefu.

Baada ya wiki tatu dalali alipiga simu. Sauti yake ilikuwa tofauti. Alisema amepata fleti katika jengo la miaka kumi na mitano, ghorofa ya nne kati ya sita. Hakusifia makabati wala dirisha. Alisema amekwenda mwenyewe siku ya kazi, saa nne, akakaa chumba cha kulala nusu saa bila simu.

"Ukasikia nini?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Nilisinzia."

Walikwenda mara tatu. Mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kazi. Mara ya pili alasiri ya jua kali, kuona joto la chumba. Mara ya tatu walisubiri inyeshe, na mvua ilipokatika tu wakaondoka na miavuli yao kwenda kupapasa kuta. Jirani wa ghorofa ya tatu aliwafungulia mlango na kuwaonyesha dari yake, iliyo chini ya bafu la fleti ile. Dari ilikuwa kavu, haina hata alama ya kahawia.

Fleti yenyewe haikuwa ya kupendeza. Dirisha la sebule lilitazama ukuta wa jengo la pili na kipande cha anga kama mkanda. Milango ya makabati ilipinda. Bomba la jikoni lilidondosha. Na kwenye roshani, nafasi kati ya chuma na chuma ilikuwa pana. Fundi alipima kwa utepe wake wa kushonea, akamtazama binti yake, akampima kichwa. Kingepita. Alimshika mtoto mkono na hakumwachia mpaka walipotoka.

Shangazi alikaa nao kwenye ngazi, wakaandika. Alitaka wagawe mabaya yote mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo fundi akija asubuhi, jioni yameisha. Bomba, makabati, vyuma vya roshani. Fungu la pili ni yale ambayo hakuna fundi wa kuyatoa. Ukuta unaopitisha kelele, sakafu iliyoinamia vibaya, jengo linalovuja, jua linalochoma chumba cha mtu anayelala mchana. Katika fungu la pili waliandika jambo moja tu: dirisha halina mandhari. Fundi alilisoma mara mbili.

"Hilo naweza kuishi nalo," alisema.

Waliendelea kuuliza, maana sasa ilikuwa vigumu kuwazuia. Walimuuliza mlinzi lifti ilikwama lini mara ya mwisho, na fundi alichukua muda gani kuja. Aliwaonyesha cheti cha ukaguzi kilichobandikwa ndani ya lifti, wakasoma tarehe. Walishuka kwa ngazi za dharura mpaka chini, wakasukuma mlango. Ulifunguka. Walimtafuta katibu wa kamati ya wakazi. Aliwapa kanuni za jengo wazisome, akawaeleza ada ya kila mwezi inafanya kazi gani, lini paa lilizibwa na lini tangi la maji lilisafishwa. Katibu alisema katika miaka yake yote, ni mara ya kwanza mnunuzi kumuuliza habari za tangi.

Mwoka mikate naye alijaribu kulala. Alitandika shuka yake saa nne. Saa sita muuzaji, aliyekuja kuwafungulia fleti, alianza kutazama saa. Saa saba Fundi aliingia kumwamsha, na ilibidi amtikise bega.

Bado shangazi hakuridhika. Aliwataka watafute mkaguzi wa majengo wao wenyewe, asiyelipwa na muuzaji wala na dalali. Mkaguzi alikuja, mama mmoja mpole mwenye ngazi ya kukunja. Alikagua nguzo, akapanda mpaka kwenye paa, akafungua soketi. Jengo lilikuwa imara. Lakini nyaya za jikoni zilikuwa nyembamba mno kwa jiko la umeme. Zingepata moto ndani ya ukuta bila mtu kujua. Hili lisingeonekana kwa kikombe cha maji wala kwa sarafu. Muuzaji alikubali kuzibadilisha, na jambo hilo likaandikwa kwenye mkataba. Mkaguzi alirudi, akaona nyaya mpya, ndipo wakatia saini.

Walihamia mwanzoni mwa mwezi. Kabla hata ya kupanga vyombo, fundi chuma aliongeza vyuma kwenye roshani. Cherehani iliwekwa chini ya ule mkanda wa anga, ambao kumbe asubuhi hupitisha mwanga mzuri wa kutosha kutia uzi kwenye sindano. Fundi hakutegemea hilo.

Mwoka mikate akawa anatoka kazini na kufika nyumbani kwa miguu, chai haijapoa. Siku ya kwanza alilala saa nane mfululizo. Fundi alidhani ameugua. Alifungua mlango mara mbili kusikiliza kama anapumua. Mkono ulipona, ukabaki na alama. Mwaka haujaisha, mwenye kiwanda alimkabidhi tanuri la pili, kubwa zaidi. Na dalali sasa, akiwapeleka wateja kwenye nyumba, huwaomba wote wanyamaze kwanza dakika tano. Wengine humshangaa. Wachache humshukuru.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, na upepo wake. Fundi aliacha kushona. Alizunguka fleti nzima akipapasa kuta kwa viganja vyote viwili: sebuleni, jikoni, chini ya kila dirisha. Mwishowe aliingia chumba cha kulala kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mumewe, akagusa ukuta.

Mume alifungua jicho moja. "Unatafuta nini?"

"Maji."

"Yapo?"

"Hayapo."

Mume aligeukia upande wa pili, akavuta shuka, akaendelea kulala.